Kidonda ndugu cha mguu na marhamu ya mitishamba: kabla ya kutafuta dawa ya kupaka, tafuta kinachozuia kidonda kufunga

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, kila mara mtu anapouliza dawa ya asili ya kidonda cha mguu kilichokaa miezi au hata miaka bila kufunga, majibu anayopewa huwa ni majina ya mimea: shubiri, mwarobaini, manjano, utomvu wa papai, na pamoja nayo asali. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda vya aina hii. Siandiki kwa nia ya kuipinga mitishamba, kwa sababu mingine ina nguvu ya kweli ambayo imepimwa ikaonekana. Ninaandika kwa sababu kidonda ndugu cha mguu hakibaki wazi kwa kukosa dawa juu yake. Kinabaki wazi kwa sababu kuna jambo chini ya ngozi linalokizuia kufunga, na marhamu yoyote, iwe ya kiwandani au ya majani, haifiki huko.

Nianze na aina iliyo nyingi kuliko zote katika tafiti za nchi za Ulaya, ambayo ni kidonda cha vena. Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, na katika miguu ina vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini. Tunapotembea, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa hiyo na damu hupanda. Vali zikiharibika, kwa sababu ya kuganda kwa damu siku za nyuma, mimba nyingi, unene, au kazi ya kusimama muda mrefu, damu hurudi na kutuama, shinikizo hubaki juu hata mtu akitembea, na maji pamoja na chembe nyekundu za damu huvuja kwenda kwenye ngozi. Ndiyo maana ngozi ya sehemu hiyo kwanza huwa nyeusi au ya kahawia, kisha huwa ngumu na kuwasha, na hatimaye mkwaruzo mdogo tu wa ukucha hugeuka kidonda. Mahali pake pa kawaida ni upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kingo zake hazina umbo maalumu, hakina kina kirefu, na hutoa maji mengi kiasi cha kulowanisha bendeji.

Tiba ya kidonda hicho ni mgandamizo: bendeji au soksi maalumu zinazobana mguu kwa nguvu ya takriban milimita 40 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu) kwenye kifundo, zikilegea kidogo kidogo kuelekea gotini. Mgandamizo huo husukuma damu iliyotuama na kuondoa uvimbe, na kidonda huanza kupungua hata kama juu yake kumewekwa kitambaa cha kawaida kisichogandana na nyama. Ninalisema hili mapema kwa sababu mtu anaweza kupaka marhamu bora kuliko zote mwaka mzima juu ya mguu uliovimba, na kidonda kisisogee.

Aina ya pili huja kinyume chake. Hapa zilizoziba ni ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, mara nyingi kwa watu wanaovuta sigara, wenye kisukari, au wenye presha ya muda mrefu. Kidonda hukaa kwenye vidole, kisigino au muundi, kingo zake zimekatika wima, chini yake ni pakavu na pamepauka, mguu ni wa baridi na vinyweleo vimepotea. Maumivu huzidi usiku, na mgonjwa hupata nafuu akiuning'iniza mguu nje ya kitanda. Mguu wa namna hii ukifungwa bendeji ya kubana unaweza kufa. Kwa hiyo kabla ya mgandamizo wowote hupimwa presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono, kisha ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.8, bendeji ya nguvu kamili haifungwi bila mtaalamu kuamua, na likiwa chini ya 0.5 ni hali ya hatari inayohitaji daktari wa mishipa haraka. Kipimo hiki hakichomi wala hakikati, na ninaumia kila ninapokutana na mgonjwa aliyepaka dawa za kila namna lakini hajawahi kupimwa hivyo hata mara moja.

Aina ya tatu ni ya kisukari, ambayo hukaa chini ya unyayo au kwenye vidole kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi na mtu anaendelea kukanyagia kidonda bila kuhisi. Zipo nyingine pia: vidonda vya wenye selimundu, ambavyo hutokea karibu na vifundo tangu ujana na huuma sana, vidonda vya ukoma, na kidonda cha Buruli, ambacho husababishwa na bakteria wa jamii moja na yule wa kifua kikuu, huanza bila maumivu makali na kuchimba chini ya kingo za ngozi, na hutibiwa kwa antibiotiki mbili, rifampisini na klarithromaisini, kwa wiki 8. Isitoshe, kidonda kilichokaa miaka mingi kinaweza kugeuka saratani, na ugonjwa huo umebaki na jina la tabibu Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeeleza vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka 1828. Ukiona kingo zimeinuka na kuwa ngumu, au nyama inaota kuzidi usawa wa ngozi na kutoa damu kwa kuguswa tu, hiyo si kazi ya marhamu. Inatakiwa kipande kidogo cha nyama kikatwe kikapimwe.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe.

Asali si mmea, lakini ndiyo inayoongoza katika mapishi ya marhamu za asili, na ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi. Utendaji wake unaeleweka. Sukari yake nyingi hunyonya maji kutoka kwenye bakteria, uchachu wake huwafanya wasistawi, na inapochanganyika na maji ya kidonda, kimeng'enya kilichomo hutengeneza haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua bakteria, kidogo kidogo. Hata hivyo kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja na kufunga kidonda cha mguu ni jambo jingine. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la New Zealand lililowashirikisha watu 368 wenye vidonda vya vena. Wote walifungwa mgandamizo. Nusu yao waliwekewa vitambaa vyenye asali ya manuka (itokanayo na maua ya mti wa huko uitwao manuka) na nusu nyingine vitambaa vya kawaida. Baada ya wiki 12, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 55.6 ya waliopata asali na asilimia 49.7 ya wengine, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikutosha kusema asali imeshinda, na waliopata asali walilalamikia maumivu zaidi. Mimi nalisoma jaribio hilo hivi: zaidi ya nusu ya vidonda vyote vilifunga kwa miezi mitatu, na kitu kilichokuwa kwa kila mgonjwa ni bendeji ya mgandamizo.

Utomvu wa papai bichi nao una nguvu isiyo na ubishi. Kimeng'enya chake, papaini, huyeyusha protini, na kwa miaka mingi kilitumika katika marhamu za hospitali za kuondolea nyama iliyokufa. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo inaweza kudhuru hata nyama nzima, na baadhi ya watu hupata mzio mkali, hasa wale wenye mzio wa mpira. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza marhamu zote za papaini zilizokuwa sokoni bila kibali ziondolewe, baada ya kupokea taarifa za mzio uliofikia kushusha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo utomvu mbichi unaokamuliwa kutoka kwenye tunda na kumiminwa kidondani, bila kipimo chochote, ni jambo ambalo singependa mtu alifanye.

Shubiri ni nafuu kwa ngozi iliyoungua kidogo au kukauka, na jeli yake ya ndani hupoza. Lakini jeli isichanganywe na ule utomvu wa manjano unaotoka mara tu jani linapokatwa, kwani huo huwasha ngozi. Kwa vidonda sugu vya mguu, ushahidi wake bado ni mdogo. Mwarobaini na manjano hupunguza bakteria na uvimbe katika maabara. Kwenye kidonda, manjano huleta kero moja ambayo watu hawaifikirii, kwamba hupaka rangi kila kitu na kuficha kama nyama iliyo chini ni nyekundu yenye afya, ya njano yenye utando, au ya kijani yenye bakteria. Mmea unaostahili kutajwa zaidi kuliko unavyotajwa ni Centella asiatica, mmea mdogo wa majani ya mviringo unaotambaa sehemu zenye unyevu. Viambata vyake huchochea seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na kutokana na mimea ya Madagaska vilitengenezwa viwandani kuwa dawa ya kupaka vidonda na makovu.

Ninachokikataa moja kwa moja ni dawa za kuchoma, zile zinazosifiwa kwamba "zinatoa uchafu wote" kwa kuwa kidonda hugeuka cheusi na kumeguka. Hizo huunguza nyama nzima pamoja na iliyokufa, na kinachomeguka ni sehemu ya mguu wa mgonjwa. Vivyo hivyo majivu, udongo na kinyesi cha mifugo, ambavyo vinaweza kubeba mbegu za pepopunda.

Yapo mambo mawili ya hatari ambayo hayazungumzwi vya kutosha. La kwanza ni mzio. Ngozi inayozunguka kidonda sugu cha mguu imechoka kwa kulowana na kupakwa vitu kwa muda mrefu, na hukataa kitu kipya kwa urahisi kuliko ngozi ya mahali pengine. Vinavyoleta shida mara nyingi ni manukato, utomvu wa miti, gundi ya nyuki, na lanolini itokanayo na manyoya ya kondoo, yaani vitu ambavyo marhamu nyingi za asili hujivunia kuwa navyo. Mgonjwa huona wekundu, mwasho na vipele vidogo vyenye maji vikifuata umbo la mahali alipopaka, akadhani kidonda kinapanuka, akaongeza dawa ileile. La pili ni udanganyifu. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza walipima krimu 11 zilizouzwa kama mitishamba ya Kichina kwa magonjwa ya ngozi, wakakuta 8 kati yake zina deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi hupunguza wekundu na maumivu haraka, na mtumiaji hufurahi. Lakini huifanya ngozi kuwa nyembamba, huchelewesha kidonda kufunga, na huacha bakteria waenee kimyakimya. Dawa ya kopo lisilo na maelezo ya vilivyomo, inayotuliza kwa siku mbili kila ugonjwa wa ngozi, itiliwe shaka.

Kwa anayetaka kutumia marhamu ya asili baada ya kujua chanzo cha kidonda chake, naomba afanye hivi. Apake kiasi kidogo kwenye ngozi nzima ya upande wa ndani wa mkono mara mbili kwa siku kwa wiki moja kabla ya kugusa kidonda, na awashwapo aiache. Aoshe kidonda kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa au maji ya chumvi ya hospitali, asitumie spiriti wala sabuni kali. Marhamu isiwe nzito kiasi cha kuziba maji yasitoke, kwa sababu kidonda kinachotoa maji mengi kikifunikwa kwa mafuta, ngozi ya pembeni hulowa, huwa nyeupe na kukunjamana, kisha humeguka, na kidonda huongezeka kwa upande huo. Kama mguu unafungwa bendeji yenye mpira, ajue kwamba mafuta ya mgando na mafuta ya mimea hulegeza mpira huo, na bendeji hupoteza nguvu ya kubana.

Halafu apime. Chukua karatasi ya plastiki safi inayoonyesha upande wa pili, iweke juu ya kidonda, fuatisha kingo zake kwa kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe, kisha futa vizuri upande uliogusa kidonda. Rudia kila wiki, siku ileile, na uziweke karatasi hizo moja juu ya nyingine. Macho yanayokiona kidonda kila siku hayawezi kuona kimepungua milimita 3, lakini mistari miwili ya kalamu huonyesha. Kidonda kinachoelekea kupona huonyesha ukingo mwembamba wa ngozi mpya, wenye rangi ya lulu, ukiingia kutoka pembeni. Baada ya wiki 4, kama eneo halijapungua angalau kwa asilimia 40 hivi, dawa hiyo haisaidii au chanzo hakijashughulikiwa, na kuongeza wiki nyingine nne za dawa ileile ni kumpotezea mgonjwa muda.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante kwa uzi huu. Mama yangu ana kidonda juu ya kifundo kwa muda mrefu, na tumekuwa tukimpaka asali ya kawaida. Kila tukimpaka analia maumivu kwa karibu saa nzima, na watu wanatuambia ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Je, ni kweli? Pia kuna mtu ametushauri tuache kidonda wazi kipate hewa ili kikauke.

Mleta uzi:

Pole sana kwa mama, ndugu yangu. Maumivu hayo hayathibitishi kwamba dawa inafanya kazi. Asali ni chachu na huvuta maji kwa nguvu, na vyote viwili husisimua ncha za mishipa ya fahamu zilizo wazi kidondani. Mchomo wa dakika chache unaweza kuvumilika, lakini mgonjwa anayelia saa nzima anastahili kitu kingine, kwa sababu maumivu humfanya aogope kuoshwa, akose usingizi na akose kutembea, na kutembea ni sehemu ya tiba ya kidonda cha vena. Tena asali ya kawaida si sawa na ile ya hospitali. Ya hospitali hupitishwa kwenye mionzi ya gama ili kuua mbegu za bakteria, zikiwemo zile za botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, kwa kuwa joto kali lingeharibu kimeng'enya chake.

Kuhusu kukiacha wazi, hapana. Tangu mwaka 1962, George Winter alipoonyesha kwamba majeraha ya ngozi ya nguruwe yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya kwa kasi takriban maradufu ya yale yaliyoachwa yakakauka, uuguzi wa vidonda umejengwa juu ya unyevu wa kiasi. Seli za ngozi mpya husafiri juu ya eneo lenye unyevu. Likikauka na kufanya gaga, hulazimika kupita chini ya gaga hilo. Ila isiwe chepechepe. Ukifungua bendeji ukakuta kitambaa kimeloa katikati tu na ngozi ya pembeni ni kavu, kiasi hicho ndicho kinachotakiwa.

La kwanza la kufanya kwa mama ni kile kipimo cha presha ya kifundo na mkono. Kama damu inafika vizuri mguuni, aanzishiwe mgandamizo, na mumwinulie miguu juu ya usawa wa moyo anapopumzika mchana. Akionekana ana vena zinazovujisha, muulize daktari juu ya kuzifunga mapema, yaani kuziziba zisipitishe damu tena, si kuzifunga bendeji. Jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2018, la wagonjwa 450 ambao wote walipata mgandamizo, lilionyesha kwamba nusu ya waliozibwa vena hizo mapema walikuwa wamepona kufikia siku ya 56, ilhali kwa waliocheleweshwa nusu yao walifikia hapo siku ya 82.

Mchangiaji wa pili:

Kwa heshima zote, mimi ni mtengenezaji wa dawa za asili na nimerithi kazi hii kwa wazee wangu. Naona umeandika kana kwamba mimea haina chake hadi maabara iseme. Wazee walitibu vidonda kabla ya hizo bendeji, na watu walipona. Ninao wateja waliokata tamaa hospitalini, wakapona kwa marhamu yangu ya majani, mafuta na nta ya nyuki.

Mleta uzi:

Shikamoo, mzee wangu, kama umri unaniruhusu kukuita hivyo, na ninashukuru umeingia kwenye mjadala. Sisemi kwamba mimea haina chake. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kwa gome la mti wa betula na mafuta ya alizeti, na Marekani ikafuata mwishoni mwa mwaka 2023. Inatumika kwa wenye ugonjwa wa kurithi ambao ngozi yao hutoka malengelenge na kuchubuka kwa mguso mdogo. Ni dawa ya mti kwa asili yake, imepita majaribio yaleyale ambayo dawa ya kiwandani hupita, na imekubaliwa kwa ugonjwa uliotajwa kwa jina. Njia hiyo iko wazi kwa majani yako pia, na ningependa siku moja yapite humo.

Kuhusu waliopona, ninaamini unachokieleza, na ningependa tuangalie pamoja kilichowaponya. Marhamu ya mafuta na nta hufunika kidonda na kukitunzia unyevu, jambo ambalo lenyewe ni tiba. Waganga wengi humwambia mgonjwa apumzike, ainue mguu, aoshe kila siku na aache sigara au pombe, na hayo yote hukisaidia kidonda cha vena. Mgonjwa ambaye hospitalini alipewa antibiotiki mara kwa mara bila kufungwa mgandamizo hakupata tiba sahihi huko pia, na lawama ya kushindwa huko haiwezi kuwekwa juu ya mtu aliyempokea baadaye akamhudumia kwa upole. Nimekutana na wagonjwa waliooshwa vidonda na waganga kwa uangalifu kuliko walivyooshwa wodini.

Ombi langu kwako, kwa kuwa wagonjwa wanakuamini, ni dogo. Mguu ukija kwako, gusa kama una joto au ni baridi, tafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya fundo la ndani, na bonyeza muundi kwa kidole uone kama shimo linabaki. Muulize kama ana kisukari na kama anahisi unyayo wake. Mguu wa baridi usio na mapigo, unyayo wenye ganzi, na kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka uwapeleke hospitali siku hiyohiyo bila kuwapaka chochote. Wengine wahudumie, chemsha vyombo, kausha majani mahali pasipo na vumbi, tumia kopo moja kwa mgonjwa mmoja, na andika juu ya kopo kila kilichomo. Ukifanya hivyo, hata mgonjwa akipata mzio, daktari atajua aanzie wapi.

Mchangiaji wa pili:

Marahaba. Mapigo ya nyuma ya fundo nilikuwa sijayazingatia. Kuna mteja mmoja ambaye mguu wake umekuwa wa baridi, na nimekuwa nikimpaka kwa wiki kadhaa. Nitampeleka.

Mchangiaji wa tatu:

Baba ana kisukari. Ametokwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, hakimuumi kabisa, kwa hiyo hajali. Amepewa mafuta ya mwarobaini. Sasa kuna harufu na kidole kimevimba. Tuendelee na mafuta hayo au tubadilishe?

Mleta uzi:

Mpelekeni hospitali leo, msisubiri kesho. Kidonda cha kisukari chenye harufu na uvimbe kinaweza kuwa kimefika kwenye mfupa, na kwa kuwa hahisi, kutouma kwake hakumaanishi kwamba hali ni nzuri. Homa inaweza isiwepo hata kama maambukizi ni makubwa. Daktari atachunguza kwa kijiti cha chuma kama mfupa unaguswa, atapiga picha ya eksirei, atapima damu inavyofika mguuni, na atamwanzishia antibiotiki.

Kuanzia sasa asikanyagie mguu huo. Kila hatua anayopiga huponda nyama ileile inayojaribu kuota, ndiyo maana tiba kuu ya kidonda cha unyayo, maambukizi yakishadhibitiwa, ni kuuondolea uzito kwa plasta ngumu ya kufungia mguu au kiatu maalumu kinachofika chini ya goti. Msiloweke mguu kwenye maji ya moto yenye majani. Mwenye ganzi huungua bila kujua. Mafuta ya mwarobaini yaacheni, mfunike kwa shashi safi kavu mkiwa njiani, na daftari lake la sukari mlichukue.

Mchangiaji wa nne:

Kidonda changu kilifunga kwa bendeji za kubana, nikarudi kwenye shughuli zangu, kikafunguka tena mahali palepale. Je, ipo marhamu ya kupaka kwenye kovu ili kisirudi?

Mleta uzi:

Hakuna marhamu inayozuia hilo, kwa sababu vali zilizoharibika bado zimeharibika hata ngozi ikifunga. Kinachozuia ni soksi za mgandamizo, zivaliwe kila siku kwa muda wote utakaoendelea kuishi na vena hizo, au vena zenyewe zifungwe kama nilivyomweleza mchangiaji wa kwanza. Soksi zipimwe asubuhi kabla mguu haujavimba, zivaliwe kabla ya kushuka kitandani, na zibadilishwe takriban kila baada ya miezi 6, kwa kuwa mpira wake huchoka hata kama kwa macho bado zinaonekana nzima. Kovu lipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato usiku, soksi zikiwa zimevuliwa, ili ngozi isikauke na kupasuka. Ila kwa sasa kidonda kimefunguka tena, kwa hiyo rudi kwanza kwenye bendeji, na uombe wapime upya presha ya kifundo kabla ya kukufunga, maana kipimo cha zamani huenda hakilingani na mguu wako wa leo.